Nilipima taa zote za nyumba ya bokilo, nikaruka moja tu

Wakuu, salamu kutoka Kisangani, huku ambako mto ni mpana na courant, yaani umeme, ni ya kubahatisha.

Ninachowasimulia kimenitokea mimi, kwa mikono yangu hii miwili. Walioshuhudia wote wako hai, na kwa hilo namshukuru Mungu kuliko mnavyodhani. Sitapunguza kitu hata mahali ninapoonekana mjinga, kwa sababu nikipunguza hapo hakutabaki uzi wa kusoma.

Mnisamehe maneno ya Kifaransa, kazi ya umeme huku tumeisomea kwa Kifaransa. Nikisema terre, ni ile nyie mnaita earth. Nikisema différentiel, ni kile kiboksi kwenye ubao wa umeme kinachokata chenyewe kikihisi courant inavuja kwenda ardhini. Mengine mtaelewa njiani.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Mtaani Kabondo wananiita Ingénieur.

Uingénieur sijausomea. Nilisoma shule ya ufundi miaka miwili, wa tatu ukanishinda. Lakini watu wakikuita Ingénieur kila asubuhi, unazoea, unaanza kutembea taratibu na kuongea kwa pua.

Sasa, huyu Ingénieur alikuwa na mchumba. Anaitwa Solange, anakaa Mangobo na mama yake. Baba yake alishafariki. Nampenda sana, naandika hivyo hivyo bila kona. Kwetu ili umuoe binti, neno la mwisho linatoka kwa noko, yaani kaka wa mama yake. Noko wa Solange ni mvuvi wa Yanonge, mzee Lituka. Akikubali, mambo yanaenda. Akitikisa kichwa, hata ukija na askofu unarudi nyumbani peke yako.

Mzee Lituka alikuwa hajawahi kuniona. Alitangaza kwamba Jumamosi anapanda mto kuja kunitazama.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo Solange akanipigia simu.

"Chéri, taa ya nyumba inakatika kila mangaribi. Mama anasema ukuye uangalie mbele ya Noko kufika. Anasema Noko akikuta giza mu nyumba, na bwana-arusi iko mutu wa courant, atacheka mpaka Yanonge."

Nikacheka kwa kujiamini. Nikamwambia dakika ishirini tu.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hili hamtaelewa ujinga wangu ulitoka wapi.

Mama wa mchumba wako huku anaitwa bokilo (na yeye anakuita hivyo hivyo), na heshima yake si ya mchezo. Humpi mkono. Humtazami machoni. Hukai naye mkeka mmoja. Mkikutana kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unayeingia kwenye majani. Na chumba chake cha kulala, hata nyumba ikiwaka moto, unaita mtu mwingine ndiye aingie.

Kuongea naye, mnaongea kupitia kwa mtu. Yaani mimi nimesimama sebuleni, mama kasimama mlangoni hatua tatu kutoka kwangu, na Solange yuko katikati kama mkalimani wa mahakama.

"Solange, uliza mama taa inakatika saa ngapi."

"Solange, ambia yee, iko saa kumi na mbili, giza ikianza."

"Solange, uliza mama inakatika yote ama moja?"

"Yote. Tunainua kile kitu ya mu ubao, inakatika tena. Tukingoja kidogo, inakubali yenyewe."

Solange hakuhitaji hata kurudia, tulisikiana vizuri kabisa. Lakini ndivyo heshima inavyotaka.

Wakuu, hayo majibu matatu yalikuwa na ugonjwa wote ndani yake. Fundi mwenye akili angeshika hapo hapo. Kwa nini saa kumi na mbili? Kwa nini "inakubali yenyewe"? Umeme haukubali wenyewe. Kuna mtu anafanya kitu. Mimi nikavaa miwani, ambayo si ya macho, ni ya kuonekana, nikasema, "Bon. Iko humidité," yaani unyevunyevu.

Ile nyumba ina taa nane. Marehemu baba yake Solange alipenda mambo mazuri, aliweka taa za ukutani za shaba, kila moja na waya wake wa terre, na zote zinakutana kwenye chuma kilichopigwa ardhini nyuma ya jiko. Hata taa ya veranda imefungwa kwenye nguzo ya chuma inayoshikilia bati, na waya wa terre umekazwa kwenye nguzo yenyewe. Kazi ya mtu makini. Mtu makini kuliko mimi.

Nikafungua taa ya veranda. Nikakuta sisimizi wamejenga ndani. Nikawafukuza, nikafuta, nikafunga, nikatangaza ushindi. Nilikuwa nimekuja na ngazi yangu begani, nimepanda toleka, ile baiskeli ya abiria, na mwenye baiskeli alinitukana tangu Kabondo mpaka Mangobo. Nikarudi nayo hivyo hivyo huku napiga mluzi.

Saa kumi na mbili na dakika tano, simu ya Solange.

"Chéri, imekatika."

Jumatano nikarudi, safari hii na multimètre, kipimo changu cha umeme, na daftari. Nikapita taa moja moja. Sebule, sawa. Chumba cha kulia, sawa. Korido, jiko, bafu, chumba cha Solange (mlango wazi, dada yake mkubwa kasimama pale ananilinda), zote sawa. Nikaandika kila taa na neno OK pembeni.

Nikafika mwisho wa korido. Mlango wa chumba cha mama umefungwa, pazia limeshuka.

Nilisimama pale muda. Nikafikiria kusema, "Solange, uliza mama kama naweza…" Sentensi ikakataa kutoka. Naanzia wapi? Wiki ambayo Noko anakuja kunipima, mimi niombe kuingia chumba cha bokilo?

Nikamwuliza Solange kitu kimoja tu: mle ndani taa inawaka? Akasema mama hajalalamika.

Nikafungua daftari nikaandika: "Chambre ya mama: OK."

Sijaiona. Sijaigusa. Nikaandika OK, na nikapiga mstari chini yake kwa rula. Hilo daftari ninalo mpaka leo, sijui kwa nini silichomi.

Kwa kuwa taa zote ni "OK", nikaamua kosa liko ardhini. Alhamisi nikaja na sururu. Nikachimba nyuma ya jiko kutafuta kile chuma cha terre. Mama alikuwa amepanda ngai-ngai pale pale, tuta zuri sana la mboga. Nikalichimba lote. Kila sururu ikiingia nasikia mtu anaguna dirishani, lakini hanisemeshi, maana Solange yuko sokoni na hakuna wa kupitishia maneno.

Chuma kilikuwa na kutu kweli. Nikaweka kipya, nikamwaga mkaa na maji ya chumvi, nikafukia. Hapo nikajiona kweli mimi ni Ingénieur. Matope mpaka kwenye nyusi.

Saa kumi na mbili na dakika tano, simu.

"Chéri."

Akakata simu.

Mafundi humu ndani mtanielewa: fault inayokuja jioni ukiwa umeondoka, asubuhi ukija haipo, inakunyima raha ya kula. Usiku ule nililala macho wazi. Nilimuona Noko, mtu nisiyemjua sura, amekaa gizani anacheka.

Ijumaa nikafanya dhambi.

Nilifungua ubao wa umeme, nikachukua vipande viwili vya waya, nikaunganisha njia ya kuingia na njia ya kutoka ya différentiel moja kwa moja. Kiboksi kikabaki pale kama pambo. Courant ikawa inapita pembeni yake, kikate kisikate, taa zinabaki.

Huku kwetu mafundi wengi tunafanya hivyo. Mteja analalamika kiboksi "kinasumbua", unakifungia daraja, anafurahi, anakusifu, unaenda zako. Tunajiambia disjoncteur ya kawaida, ile breaker, ipo, italinda. Tunajua kabisa hailindi mtu, inalinda waya. Tunajua na tunafanya.

Jioni ile nikabaki kusudi, nimekaa veranda. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Taa nane zinawaka nyumba nzima. Kutoka ndani nikasikia sauti ya mama:

"Solange, ambia yee, sasa naona iko fundi ya kweli."

Wakuu, nilifurahi sana. Hiyo ilikuwa sifa yangu ya kwanza kutoka kwa bokilo. Nilirudi Kabondo kwa miguu, kilomita zote zile, nikisalimia hata watu nisiowajua.

Jumamosi Noko akafika.

Mvua ilimkuta bandarini, akaingia ameloa chapa chapa. Mzee mrefu, mikono mikubwa ya makasia, macho madogo yanayocheka kabla ya mdomo. Akavua viatu, akaviweka mlangoni vikauke, akabaki peku. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo, saruji ya veranda yote maji. Wingu likawa zito, ikawa giza kabla ya saa yake.

Mimi nilikaa pale pale veranda, kwenye kiti cha mbao, suti ya kuazima, magoti pamoja. Mezani pembeni yangu kulikuwa na liboke la samaki waliofungwa kwenye majani, kwanga ya muhogo, na makemba, yaani ndizi. Ndugu wengine wako sebuleni. Mzee Lituka akasimama kutazama mvua, akaweka mkono kwenye nguzo ya chuma ya veranda, akaanza kuniuliza maswali bila kugeuka.

"Sasa weye, papa. Banasema unatengenezaka courant."

"Ndiyo, Noko."

"Courant ya dada yangu ulitengeneza?"

"Ndiyo, Noko. Iko sawa kabisa."

Ndani, mama akasema, "Ngoja nitafutie Noko kitambaa ya kujipangusa." Akaingia chumbani kwake. Kwa kuwa kuna giza, akawasha taa.

Mzee Lituka akapiga kelele.

Sijawahi kusikia kelele ile. Mwili wake wote uliruka, mkono ukabanduka kwenye nguzo, akaanguka kitako katikati ya maji. Macho yamemtoka. Anapumua kama aliyetoka chini ya mto.

Katika muda ule mdogo, nilielewa kila kitu. Sikuelewa kosa liko wapi, hilo bado. Nilielewa kwamba nguzo ina courant, na kwamba kile kiboksi ambacho kingekata, mimi ndiye niliyekifunga mdomo.

Mama akatoka mbio na kitambaa mkononi. Peku. Juu ya saruji ile yenye maji. Kaka yake kaanguka mguuni pa nguzo, na yeye ananyoosha mkono kushika nguzo ili ainame amuinue.

Niliruka.

Nilimkumbatia bokilo wangu kiunoni kwa mikono yote miwili, nikamvuta nyuma, tukaanguka wote kwenye meza ya liboke. Samaki chini, makemba chini, mama juu yangu, kilemba chake kwenye uso wangu.

Ndugu wote wakawa wametoka.

Jaribuni kuona walichokiona. Mchumba, siku ya kutazamwa, ameshikilia mama mkwe kiunoni katikati ya samaki. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa kitenge.

"Musishike nguzo!" nikapiga kelele. "Mutu asishike kitu ya chuma!" Nikamwacha mama, nikakimbia mpaka kwenye ubao, nikashusha swichi kuu. Nyumba ikawa giza.

Ndilo giza ambalo mama aliogopa Noko asilikute. Nimelileta mwenyewe.

Tukawasha simu zetu kwa mwanga. Mzee alikuwa mzima, namshukuru Mungu, mkono umeingia ganzi tu. Akaukunja, akaukunjua. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Mi najua nina," akasema. Nina ni yule samaki wa mto anayepiga mtu umeme ukimshika. "Nina imenipiga toka niko mutoto. Ile nguzo iko na nina ndani."

Kisha akafikiri, akasema maneno ambayo Ingénieur mzima na multimètre yake hakuyapata siku nne:

"Lakini nilikuwa nashika ile nguzo toka nasimama pale, hainipigi. Dada aliwasha taa ya chumba yake, ndiyo ikanipiga. Sasa nina inalala kule."

Watu wote wakanitazama.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema ni mvua. Wangekubali, nani angebisha? Solange alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniombea. Kwa mara ya kwanza wiki ile niliogopa kitu kingine zaidi ya kumkosa.

"Noko, ni mi," nikasema. "Iko kitu mu ubao ya kukata courant, ya kulinda batu. Ilikuwa inakata kila mangaribi. Nilishindwa kuona sababu, nikaifunga. Nilifunga juu ya kuona haya."

"Na kama dada yangu alishika?"

"Angekufa."

"Usiambie mi. Ambia yee."

Nikageuka. Nikamtazama mama usoni, machoni, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Ana macho ya Solange, kumbe.

"Mama, ungeshika ile nguzo, ungekufa. Na mi ndiye ningekuua."

Nikapiga magoti pale kwenye samaki. Sioni haya kusema.

Mama akaongea na mimi. Hakusema "Solange, ambia yee". Aliniambia mimi mwenyewe.

"Ni taa yangu inakatishaka. Mi najua toka siku ya kwanza. Nikiiwasha, yote inakufa. Nikiizima, inakubali. Niliona haya kusema kwa bokilo aingie kwa chumba yangu." Akafuta samaki kwenye mkono. "Basi ingia."

Niliingia na shemeji mkubwa, yule dada wa Solange, ananimulikia, macho yangu yametazama sakafu kama mtu anayetafuta shilingi. Taa ya shaba, juu ya kitanda. Nikaifungua. Waya unaotoka kwenye swichi ulikuwa umebanwa na skrubu ya kitako, ganda limekatika, shaba ya ndani inagusa mwili wa taa. Mwili wa taa unagusa terre. Terre inagusa nguzo ya veranda.

Swichi ikiwa imezimwa, waya ule hauna kitu. Ndiyo maana mchana nikipima sioni. Ikiwashwa, différentiel ilikuwa inakata mara moja, inafanya kazi yake vizuri sana, kila jioni, kuokoa familia ile. Na mimi niliiona msumbufu.

Kutengeneza kulichukua dakika nane. Siku nne, tuta la ngai-ngai, suti ya watu, na kazi yenyewe dakika nane.

Nikavunja lile daraja kwenye ubao mbele yao, nikawasha. Taa ya mama ikawaka, kiboksi kikatulia. Nikashika nguzo ya veranda kwa mkono wangu, peku, mbele ya wote, mama akiwa amewasha taa. Haikuwa na kitu.

Nilidhani tumemaliza. Mzee Lituka akaniita nikae.

"Ile ya kufunga. Umefunga mu nyumba ngapi ingine?"

Nilitaka kusema hii tu. Mdomo ulishafunguka. Nikahesabu kichwani.

"Kumi na moja, Noko. Ile ninakumbuka."

Shangazi wa kitenge akajifunika tena.

"Bon," mzee akasema. "Enda kwanza ufungue yote. Ukimaliza, unaniita. Ndiyo utaomba mutoto. Na mbuzi ya faini, ya kushika bokilo kiunoni, ile tutaongea kisha." Ndani mtu alicheka, nadhani ni mama, lakini sina ushahidi.

Nilichukua wiki tatu.

Wakuu, hakuna kazi ngumu kama kugonga mlango wa mteja aliyekusifu na kumwambia ulimwekea hatari kwa mkono wako. Mwenye saluni mmoja alinifukuza na chanuo. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka la jumla, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Donc, nilikusifia kwa batu juu ya hii?" Kisha akanisimamia nyuma mpaka nimalize, akanipa soda, akaniambia hatanipa kazi tena. Nilimwelewa.

Wawili walikataa nisiguse, wakaita fundi mwingine. Nikasimama nje ya dirisha nikimweleza mwenzangu mahali nilipofunga. Mwenzangu akanikonyeza, yaani na yeye anafanya hivyo hivyo. Sikumkonyeza.

Kati ya nyumba kumi na moja, nne zilikuwa na fault ya kweli nyuma ya daraja langu. Moja ilikuwa taa ya bafuni.

Nilipomaliza ya kumi na moja nikashika simu kumpigia Noko. Namba ikiwa tayari kwenye kioo, nikakumbuka ya kumi na mbili. Sikuihesabu kwa sababu sikuihesabu kama mteja.

Ni nyumba ya mama yangu mzazi, njia ya Bengamisa.

Nilienda mchana ule ule. Mama akafurahi, akadhani nimekuja kula. Nikafungua ubao. Daraja langu lilikuwepo, nimelizungushia na utepe mweusi vizuri kabisa, kazi ya kujivunia. Miaka miwili lipo. Taa ya uani, ile yenye kofia ya bati, ilikuwa imejaa maji, na waya wake wa terre nilikuwa nimeufunga kwenye bomba la maji, kisha bomba lenyewe haliendi ardhini, limekatwa na kipande cha plastiki.

Nilikaa chini. Mama akauliza kuna nini, nikamweleza yote, na ya Mangobo pia.

Alisikiliza huku anajisugua viganja. Halafu akasema:

"Kumbe ile kuwashwa ya mikono nikiosha sahani mangaribi, haiko uzee?"

Nilimshika mikono ile nikaililia.

Nimeshabadilisha yote: taa, terre, bomba. Nimemwambia Noko kumi na mbili, siyo kumi na moja, na ya kumi na mbili ni ya nani. Kwenye simu ulikuwa unasikika mto na watu wa pirogue wanaitana. Noko akasema, "Samedi ukuye. Kuya na mama yako." Hiyo Jumamosi ni kesho kutwa. Mbuzi yuko uani anakula kamba aliyofungiwa.

Nilichojifunza kwa upande wa kazi: ukipima terre kwenye mzunguko wa taa, zima swichi kuu kwanza, toa balbu zote, halafu weka swichi za taa ZOTE kwenye kuwasha, ndipo upime. Swichi moja ikiwa imezimwa nyuma ya mlango uliofungwa, hujapima nyumba. Na usiandike OK kwa kitu ambacho jicho lako halijaona, hata kama ni chumba cha bokilo. Muombe aiwashe, muombe binti yake aingie, ita shemeji, fanya lolote. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, na mimi kwa kuikwepa nilikaribia kuzika mtu.

Mafundi wenzangu, najua mpo humu na najua mmefunga. Andikeni hapa mlifungua ngapi, sitamcheka mtu, sina haki hiyo.

Na wewe usiye fundi, kabla hujaanza kunitukana, nenda kwenye ubao wako wa umeme. Kile kiboksi kina kitufe kidogo kimeandikwa T. Kibonyeze. Nyumba ikizimika, rudi hapa unitukane kwa raha zako. Taa zikibaki zinawaka, usishike kitu cha chuma, na umpigie fundi mwenzangu aliyekufungia. Atakuwa anaitwa Ingénieur.